Kuchagua Darubini ya Bunduki kwa Kazi Yake, Si kwa Bei Yake

Darubini ghali kuliko zote nilizowahi kumiliki ndiyo iliyonikosesha mnyama aliyesimama karibu nami kuliko wote. Ilikuwa ya 5-25x56, yaani ya kukuza picha mara 5 hadi mara 25, yenye mwili wa milimita 34 na uzito wa kilo moja na ziada kidogo. Nilikuwa nimeifunga juu ya bunduki ya kuwindia nikiamini kwamba kifaa kinachomwezesha mtu kugonga bamba la chuma lililo mita 800 hakiwezi kushindwa na mnyama aliye mita 25. Nilipoinua bunduki niliona manyoya tu. Ukuzaji ulikuwa tayari umeshushwa hadi mara 5, ambacho ndicho kiwango chake cha chini kabisa, na bado upana wote niliouona haukufika mita 2, wala ndani ya upana huo sikuweza kujua kama nililenga bega, paja au shingo. Sikufyatua. Mnyama aliondoka salama, na darubini haikuwa na kasoro hata moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliweka suala la bei mwishoni mwa maswali yangu. Yanayotangulia ni haya: ninalenga kitu gani na kina ukubwa gani, kiko umbali gani, kutakuwa na mwanga kiasi gani, nitakuwa nimesimama au nimelala, na bunduki yenyewe husukuma bega kwa nguvu gani. Katika tathmini hii nitaeleza darubini za aina nne ambazo nimezitumia muda wa kutosha kuzijua, pamoja na ya tano niliyoazima kwa msimu mmoja wa uwindaji. Sitataja viwanda vilivyozitengeneza, kwa sababu tofauti kati ya aina moja na nyingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya viwanda viwili vinavyotengeneza aina ileile, na msomaji akishajua aina inayomfaa, kulinganisha viwanda hakutamchukua muda mrefu.

Namba zilizoandikwa kwenye mwili wa darubini ndizo zinazoanza kueleza kazi yake. Katika 3-9x40, namba mbili za kwanza zinaonyesha kwamba picha inaweza kukuzwa kuanzia mara 3 hadi mara 9, na namba ya mwisho ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Mwili wenyewe kwa kawaida huwa na unene wa milimita 25.4, 30 au 34. Wauzaji wengi husema kwamba mwili mnene huingiza mwanga zaidi, lakini mwanga hutegemea lenzi ya mbele, ukuzaji na ubora wa vioo. Faida halisi ya mwili mnene ni nafasi kubwa zaidi ya kupandisha na kushusha alama ya kulengea, na nafasi hiyo inamhusu anayepiga mbali sana. Mwindaji wa mita 150 anayelipia mwili wa milimita 34 analipia nafasi ambayo hataitumia maisha yake yote.

Kosa la wanunuzi wengi, nami nikiwa miongoni mwao, ni kudhani kwamba ukuzaji ukiongezeka usahihi nao unaongezeka. Jicho lenye afya huweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita 200, dakika hiyo ni karibu sentimita 6. Ukitazama kwa darubini ya mara 4, kipimo hicho kinashuka hadi sentimita 1.5, ilhali eneo la moyo na mapafu la mnyama wa ukubwa wa kulungu lina upana wa sentimita 20 hivi. Kwa maneno mengine, mara 4 tu zinatosha kuonyesha mambo madogo kuliko yale ambayo mikono ya mwindaji aliyepiga goti inaweza kuyatumia. Katika mchezo wa biathloni, ambako darubini za kukuza haziruhusiwi, wanariadha waliolala kifudifudi hulenga shabaha zenye upana wa milimita 45 kwa umbali wa mita 50, wakiwa bado wanahema baada ya kuteleza kwenye theluji, na wengi wao huzigonga zote tano.

Ukuzaji mkubwa una gharama zake ambazo hazionekani dukani. Unapunguza upana unaoonekana, unapunguza mwanga unaolifikia jicho, na unakuza kila mtetemo wa mkono na kila pigo la moyo kiasi kwamba mpigaji huanza kuvizia sekunde ambayo alama itapita katikati ya shabaha, kisha akavuta kifyatulio kwa pupa. Juu ya ardhi yenye joto unakuza pia mazigazi, na picha inayochemka kwa mara 25 mara nyingi hutulia ukiishusha hadi mara 12. Nimeona watu wakilaumu vioo vya darubini zao saa saba mchana, kumbe walichokuwa wakikitazama ni hewa.

Sasa nianze na 3-9x40, kwa kuwa ndiyo ninayoijua zaidi. Kama ningelazimika kubaki na darubini moja tu kwa uwindaji wa mchana, ningebaki na hii, na ninasema hivyo baada ya kutumia zilizo ghali mara kadhaa kuliko hiyo. Uzito wake ni gramu 400 hivi, jambo ambalo mtu huliona dogo mpaka atembee kutwa nzima akipanda na kushuka milima akiwa na bunduki begani. Kwa mara 3 huonyesha upana wa takriban mita 11 kwa umbali wa mita 100, upana unaotosha kumpata mnyama haraka bila kumtafuta ndani ya kioo. Alama yake ya kulengea ni ile ya mistari minene inayokonda karibu na katikati, ambayo Leupold ya Marekani iliitoa mwaka 1962 kwa jina la Duplex na ambayo tangu hapo imeigwa karibu na kila kiwanda. Uzuri wa alama hiyo ni kwamba mistari minene huliongoza jicho lenyewe kuelekea katikati hata mwanga ukiwa hafifu, na mistari myembamba haifuniki shabaha.

Bunduki ya kaliba ya .308 Winchester au .30-06 ikisawazishwa ili risasi igonge sentimita 5 juu ya alama kwa umbali wa mita 100, mwindaji anaweza kulenga katikati ya eneo la moyo hadi mita 220 hivi bila kugusa kifundo chochote cha kusogezea alama. Huo ndio umbali ambao ndani yake wawindaji wengi hupiga, na ndiyo maana vifundo virefu vya kuzungushwa kwa vidole, ambavyo hupandisha bei ya darubini haraka, havina kazi hapa. Vina hata hatari yake, kwa maana kifundo kisichofunikwa huweza kuzungushwa na kamba ya begi au tawi la mti bila mwenye bunduki kujua, na risasi inayofuata ikaenda mahali asipopategemea. Napendelea vifundo vilivyofunikwa kwa vifuniko vya kuzungusha, ambavyo huguswa mara moja kwa mwaka.

Lipo jambo moja la kutahadhari katika aina hii. Nyingi zina vialama vya ziada chini ya msalaba kwa ajili ya kulengea mbali, na wakati huohuo alama nzima imewekwa nyuma ya lenzi za kukuzia, kwa hiyo haibadiliki ukubwa machoni ukuzaji unapobadilika. Matokeo yake ni kwamba vialama hivyo ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Tuchukue mfano wa kialama kilicho mili 2 chini ya katikati. Mili moja ni sentimita 10 kwa umbali wa mita 100, hivyo mili 2 kwa mita 300 ni sentimita 60. Ukuzaji ukiwa nusu ya ule wa juu, kialama kilekile kinafunika mili 4, yaani sentimita 120. Mtu anayesahau kurudisha pete ya ukuzaji mahali pake hukosea kwa sentimita 60 akiwa na bunduki iliyosawazishwa vizuri na mkono uliotulia. Kwa mwindaji wa mita 200 ningeshauri darubini isiyo na vialama hivyo kabisa, kwa sababu kitu kisichokuwepo hakiwezi kumchanganya mtu.

Ya pili ni 1-6x24, ambayo ningepaswa kuwa nayo siku ile ya manyoya. Kwa mara 1 huonyesha upana wa karibu mita 38 kwa umbali wa mita 100, maana yake karibu mita 10 kwa umbali wa mita 25, na humruhusu mpigaji kuacha macho yote mawili wazi, bunduki ikawa kana kwamba ina nukta nyekundu inayoelea juu ya dunia. Kwa wanyama wanaokimbizwa kuelekea kwa wapigaji, kwa vichaka vizito, na kwa wanyama hatari wanaoweza kumgeukia mwindaji, sijui kifaa kinachoishinda. Lenzi yake ya mbele haina kichwa kipana, kwa hiyo hufungwa chini karibu na mtutu, na shavu hupata mahali pake juu ya kitako bila kunyoosha shingo.

Katika aina hii kuna mambo mawili ambayo yanastahili kulipiwa. La kwanza ni taa ya nukta ya kulengea. Kwenye darubini za bei ya chini taa hii mara nyingi huonekana jioni tu, ilhali kazi ya 1-6x24 iko mchana kweupe, mnyama anapotoka kivulini kuingia juani na jicho halina muda wa kutafuta mistari myembamba. Taa isiyoonekana juani katika darubini ya kazi hii ni pambo. La pili ni umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma ambao picha huonekana nzima. Bunduki za kaliba kama .375 H&H Magnum na .458 Winchester Magnum hurudi nyuma kwa nguvu inayoweza kuusukuma ukingo wa darubini hadi kwenye paji la uso, na sentimita 7 za umbali zinazomtosha mwenye bunduki ndogo hazitoshi hapo. Zinahitajika sentimita 9 au 10, na nafasi hiyo ipimwe kwa mtu aliyevaa nguo zake za kuwindia, katika mikao yote atakayoitumia, kwa kuwa aliyelala kifudifudi au anayepiga kuelekea juu ya mlima hujikuta jicho lake liko mbele zaidi kuliko alivyolizoea.

Udhaifu wa 1-6x24 huja jioni, na hapo ndipo niingie kwenye suala ambalo ninaona linaeleweka vibaya kuliko yote, nalo ni mwanga. Mwanga unaotoka nyuma ya darubini hutoka kama duara dogo, na upana wa duara hilo hupatikana kwa kugawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Kwa lenzi ya milimita 24 na mara 6, duara ni milimita 4. Kwa lenzi ya milimita 40 na mara 9, ni milimita 4.4, lakini ukishusha hadi mara 6 linakuwa karibu milimita 6.7. Mboni ya kijana hutanuka gizani hadi milimita 7 hivi, na kadiri umri unavyosonga uwezo wake wa kutanuka hupungua hadi wengi wakabaki na milimita 5 au chini ya hapo. Duara la mwanga likiwa jembamba kuliko mboni, picha huwa na giza. Likiwa pana kuliko mboni, ziada hupotea kwenye rangi ya jicho bila faida yoyote.

Ndiyo sababu 8x56 imekuwa kwa miaka mingi chombo cha wawindaji wa Ulaya ya Kati wanaokaa kwenye vibanda vya juu wakisubiri nguruwe mwitu usiku. Gawanya 56 kwa 8 upate milimita 7 kamili, sawa na mboni iliyotanuka kabisa. Niliiazima darubini hiyo kwa msimu mmoja, ikiwa na ukuzaji usiobadilika, na kwa kazi ya kukaa na kusubiri nilikiri kwamba ilinipa dakika kadhaa za kuona baada ya 3-9x40 yangu kufifia. Lakini mimi si kijana tena, na rafiki yangu mwenye umri mkubwa zaidi alipotazama ndani ya zote mbili, 3-9x40 ikiwa imeshushwa hadi mara 6, hakuona tofauti ya kumfanya abebe lenzi pana kama ile. Hesabu ya mboni inaeleza kwa nini. Mtu wa miaka 60 anayelipia lenzi ya milimita 56 kwa ajili ya ukuzaji mdogo huenda analipia mwanga ambao jicho lake halina mlango wa kuupokea, na afadhali fedha hizo aziweke kwenye ubora wa vioo.

Ubora wa vioo ndio mahali ambapo bei husema kweli, ingawa si kwa kila mtu. Kila mahali mwanga unapoingia au kutoka kwenye kioo kisichopakwa kitu, karibu 4% yake hurudishwa nyuma, na darubini ina nyuso nyingi za vioo, hivyo hasara hizo zikijumlishwa huwa kubwa mno. Alexander Smakula wa Zeiss alibuni mwaka 1935 namna ya kupaka vioo utando mwembamba sana unaopunguza hasara hiyo, na tando za kisasa za tabaka nyingi zimeipunguza hadi chini ya 1% kwa kila uso. Darubini bora leo hupitisha karibu 90% ya mwanga unaoingia au zaidi kidogo. Ya wastani iliyopakwa vizuri haiko mbali sana na hapo, na mchana tofauti hiyo haionekani kabisa. Inaonekana katika robo ya saa ya mwisho ya jioni, na inaonekana pia jua linapokuwa mbele ya mpigaji, kwani vioo duni hujaa ukungu mweupe unaofuta rangi zote. Anayewinda saa nne asubuhi mgongo wake ukiwa juani hana sababu ya kulipia hayo. Anayesubiri machweo analo jambo la kulipia, na asilipie kwa shingo upande.

Jambo jingine ninalolisisitiza kila ninapoulizwa ni kwamba darubini ya bunduki isitumiwe kutafutia wanyama wala kutambulia kinachosogea kichakani, kwa sababu kila kinachotazamwa kwayo kimeelekezewa mtutu. Kama fedha ni kidogo, nunua darubini ya bunduki ya wastani na kiasi kinachobaki ununue darubini nzuri ya mkononi. Macho hukaa kwenye hii ya pili kwa saa nyingi, na kwenye ile ya kwanza kwa sekunde chache.

Nirudi sasa kwa 5-25x56, ambayo niliitendea isivyostahili kwa kuipeleka kichakani. Kwenye uwanja wa shabaha za mbali ndipo nilipoielewa. Kazi yake si kukuza picha tu. Ni kusogeza alama ya kulengea kwa kipimo kinachojulikana, mara elfu kwa maelfu, na kuirudisha ilipokuwa. Kila mbofyo wa kifundo chake ni sehemu ya kumi ya mili, yaani sentimita 1 kwa umbali wa mita 100. Ikiwa bunduki fulani inahitaji kupandishwa mili 8 kwa umbali wa mita 800, mpigaji huzungusha mibofyo 80 na kuiamini. Darubini yenye kosa la 3% katika vifundo vyake, kosa ambalo mwindaji wa mita 150 hawezi kuligundua maishani, hapo hupotea kwa mili 0.24, ambazo kwa mita 800 ni sentimita 19. Msemo wa rahisi ni ghali unapata maana yake yote katika vifundo hivi, kwa kuwa mpigaji atachoma risasi nyingi akitafuta kosa lake kwenye upepo, kwenye baruti na kwenye pumzi zake kabla hajafikiria kwamba ni kifundo kinachomdanganya.

Katika darubini hii alama ya kulengea imewekwa mbele ya lenzi za kukuzia, kwa hiyo hukua na kupungua pamoja na picha, na vialama vyake ni sahihi kwa ukuzaji wowote. Kwa anayepiga mbali hilo ni jambo kubwa, kwani wapigaji wengi wa mashindano ya shabaha za mbali hubaki kati ya mara 12 na 18 hata wakiwa na uwezo wa kufika mara 25, ili waone risasi inapoangukia. Kwa mwindaji hilohilo huwa kero, kwa sababu kwa mara 5 mistari hukonda kiasi cha kupotea gizani wakati anapoihitaji zaidi. Mnunuzi ahakikishe pia kwamba vifundo na alama vimepimwa kwa kipimo kimoja. Zipo darubini, hasa za zamani na za bei ya chini, zenye alama za mili na vifundo vya dakika za pembe, na kwa kuwa mili moja ni dakika 3.44 hivi, mpigaji hulazimika kufanya hesabu ya kuzidisha wakati muda unamkimbia.

Hata katika umbali mkubwa kazi hazifanani. Wapigaji wa mashindano ya F-Class hulala mbele ya shabaha moja iliyo umbali unaojulikana, ambayo kwa yadi 1000 duara lake la ndani kabisa lina upana wa nusu dakika ya pembe, karibu sentimita 13. Wao hupenda ukuzaji wa mara 40 na zaidi, na wana haki, kwa sababu bunduki yao imeegemezwa imara, uzito si tatizo kubwa, na upana mdogo wa picha hauwazuii. Mtu akinunua darubini ileile kwa mashindano ya kuhamahama kutoka shabaha moja hadi nyingine ndani ya sekunde 90 atatumia nusu ya muda wake akitafuta shabaha iko wapi.

Darubini ya mwisho ni ile iliyonishangaza zaidi, nayo ni ya bunduki ya upepo. Nilidhani bunduki isiyo na baruti inaweza kubeba chochote, nikafunga juu yake darubini nzuri iliyokuwa imevumilia mamia ya risasi za .30-06, na baada ya wiki chache mistari yake ilianza kuyumba. Bunduki ya upepo ya springi hurudi nyuma kwanza springi inapofumuka, kisha hurushwa mbele ghafla pistoni inapogota mwisho wa silinda, na darubini nyingi za bunduki za baruti zimejengwa kuhimili msukumo wa upande mmoja tu. Ile niliyoinunua badala yake ilikuwa ya bei ya chini sana kuliko iliyovunjika, lakini imeandikwa wazi kwamba imetengenezwa kwa bunduki za springi, na hadi leo inafanya kazi.

Kuna pia suala la paralaksi, yaani alama ya kulengea kuonekana inasogea juu ya shabaha jicho linapohama kutoka katikati ya lenzi. Darubini nyingi za kuwindia zisizo na kifundo cha kurekebisha hali hiyo husawazishwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100 au 150. Kwa lenzi ya milimita 40 iliyosawazishwa kwa mita 100, kosa kubwa kabisa linaloweza kutokea kwa mita 200 ni milimita 20 hivi, ambalo kwa eneo la moyo lenye upana wa sentimita 20 si kitu. Darubini hiyohiyo ikielekezwa kwenye shabaha iliyo mita 10, kosa huweza kufika milimita 18, na pale shabaha yenyewe ni ndogo kuliko kosa. Kwa hiyo kifundo cha paralaksi kinachoshuka hadi mita 10 ni cha lazima kwa mwenye bunduki ya upepo, na mwindaji wa mchana anaweza kuishi bila hicho kabisa. Katika mashindano ya bunduki za upepo ya Field Target, washindani hukitumia hata kupimia umbali. Huweka ukuzaji mkubwa, hulenga shabaha, huzungusha gurudumu pana la pembeni hadi picha ionekane wazi kabisa, kisha husoma umbali ulioandikwa kwenye gurudumu.

Kuhusu kuzuia maji na ukungu sitakuwa na mengi. Leupold ilianza kuuza darubini iliyojazwa nitrojeni mwaka 1947, na leo hata za bei ya wastani hujazwa nitrojeni au argoni na kufungwa vizuri. Izamishe kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika chache kama kiwanda kinaruhusu. Viputo vikitoka, irudishe.

Mahali ambapo wengi huharibu chaguo zuri ni kwenye pete za kufungia. Mtu hutumia fedha zake zote kwenye darubini kisha akaifunga kwa pete laini zilizokatwa vibaya, na risasi zinapotawanyika huilaumu darubini. Nunua pete na reli imara kabla ya kitu kingine chochote, na kaza skrubu za kofia za pete kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kwa kawaida nyutoni-mita 2 hivi kama kiwanda hakikusema vinginevyo, kwani kukaza kupita kiasi huuminya mwili wa darubini na kuzuia vifundo kusogea sawasawa. Hakikisha mstari wa wima wa alama umesimama wima kweli. Kuinama kwa digrii 3, ambako jicho halikutambui kwa urahisi, kunaipeleka risasi iliyopandishwa mili 8 kando kwa karibu sentimita 33 kwa umbali wa mita 800, ingawa kwa mita 100 hakuna atakayeona kitu.

Baada ya kuifunga, bandika karatasi ndefu kwa umbali wa mita 100 uliopimwa kwa utepe, chora mstari wa wima kwa kutumia timazi, na weka alama sentimita 100 juu ya ile utakayoilenga. Piga risasi tatu, pandisha mili 10, piga tatu tena ukilenga alama ileile ya chini, kisha rudisha kifundo mwanzo na upige tatu za mwisho. Risasi za kati zinapaswa kugonga kwenye ile alama ya juu na ziwe juu ya mstari, na za mwisho zirudi zilipokuwa za kwanza. Kwa darubini ya kuwindia isiyozungushwa vifundo, linalohitajika ni lile la kurudi tu. Kwa darubini ya shabaha za mbali yote mawili ni ya lazima, na isipoyatimiza, irudishe ilikonunuliwa wakati dhamana yake bado haijaisha, hata kama ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote kwenye kabati la duka.